Shokapu Haibebi Mzigo

Wiki hii naomba tuziweke kando kidogo habari za bei ya korosho, tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukitazami mpaka siku kitakapotuangusha. Kitu hicho ni shokapu. Na hasa nakusudia shokapu za nyuma za pikapu inayovuta tela.

Najua yupo atakayesema kwamba leo mtangazaji amekosa la kusema. Namwomba anivumilie. Hapa kwetu Mtwara pikapu yenye tela si gari la starehe. Ndiyo inayopeleka barafu Msimbati na kurudi na samaki. Ndiyo inayopanda na matangi ya maji kwenye uwanda wa juu wa Makonde, ambako maji ya karibu ni adimu. Ndiyo inayovuta boti pale Mikindani, na msimu wa korosho ukifika ndiyo inayotoa magunia shambani kuyapeleka ghalani. Pikapu hiyo ikisimama, jiko la mtu halitawaka.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri mtu kuwafundisha wenzake akajificha.

Ilikuwa mwaka 2014. Wakati huo bomba la gesi la kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam lilikuwa linajengwa, na magari mazito yalikuwa yakipita barabara zetu usiku na mchana. Mjomba wangu alikuwa na pikapu moja kuukuu iliyotoka Japani, na tela la magurudumu mawili. Kila alfajiri alipakia barafu mjini akaenda Msimbati, na jioni alirudi na samaki. Kazi ilikuwa nzuri, ila gari lilikuwa limekaa mkia chini na pua juu. Ukilitazama kwa mbali ungedhani ni chura anajiandaa kuruka. Likipita kwenye shimo, lilinesanesa mpaka abiria akasahau alikuwa anasema nini.

Siku moja mjomba akaja nyumbani. Nikampa shikamoo yake, akakaa, akanywa maji, kisha akasema, "Mpwa wangu, wewe umesoma, unajua kusema na watu wa madukani. Twende ukanisaidie kununua shokapu."

Kwa mila zetu Wamakonde, mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba si la kujadiliwa. Nikavaa viatu tukaenda.

Dukani tukaonyeshwa shokapu za aina mbili. Za kwanza zilikuwa ndani ya maboksi safi, na bei yake ilimfanya mjomba akohoe. Za pili zilikuwa zimefungwa kwenye nailoni, zimepakwa rangi nyekundu inayong'aa, na bei yake haikufika hata theluthi ya zile za kwanza. Muuzaji akatuambia, "Hizi nyekundu ni hevi duti. Mzee ukifunga hizi, mkia wa gari utanyanyuka wenyewe."

Mjomba akanitazama. Nami, mwenye diploma yangu ya uandishi wa habari, nikasema, "Mjomba, shokapu ni shokapu. Tuchukue hizi. Pesa itakayobaki tutaongeza kwenye matairi."

Maneno hayo matatu, "shokapu ni shokapu," nimeyajutia mpaka leo.

Zilifungwa siku hiyo hiyo. Kwa wiki ya kwanza mjomba alisifu. Wiki ya tatu mkia ukawa uko pale pale chini. Sasa mjomba na utingo wake wakabuni dawa nyingine. Kwa kuwa tela likipakiwa mbele linaukandamiza mkia wa pikapu, wakaanza kupanga masanduku ya samaki nyuma ya tela ili mkia unyanyuke. Na kweli ulinyanyuka. Wakafurahi.

Jioni moja wakiwa wanarudi kutoka Msimbati, kwenye mteremko wenye mawimbi ya vumbi, tela likaanza kuyumba. Kwanza kidogo, kama mtu anayetikisa kichwa. Halafu likaenda kulia, likaenda kushoto, na kila mara likazidi. Pikapu nayo nyuma ilikuwa inaruka, magurudumu hayashiki ardhi sawasawa. Mjomba alishika usukani lakini aliniambia baadaye kwamba usukani ulikuwa mwepesi kama wa gari la watoto. Utingo alikuwa ameketi juu ya masanduku ndani ya tela. Akarushwa. Tela likapinduka.

Kijana hakufa, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini paja lilivunjika. Alikuwa na umri wa miaka 19, hodari wa kuvuta nyavu, na alikuwa anategemewa na mama yake. Siku hizi anashona nyavu akiwa amekaa, na anapotembea anachechemea. Mjomba aliuza tela ili kulipia matibabu.

Ndugu msikilizaji, sitaki kudanganya kwamba shokapu peke yake ndizo zilizomwangusha kijana yule. Hapana. Kulikuwa na makosa matatu yaliyoshikana mikono, na kosa la kwanza lilianzia pale dukani, kinywani mwangu. Nilikuja kuelewa hivyo baada ya kuonana na fundi mmoja mzee, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hapendi kutajwa.

Fundi yule alichukua shokapu ya kawaida ya oili, akaisimamisha mezani, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikaingia yote. Kisha akaondoa mkono. Shokapu ikabaki chini vile vile, haikunyanyuka.

"Umeona?" akaniuliza. "Imebeba nini?"

Nikasema, "Haijabeba kitu, mzee."

"Basi," akasema, "mwambie mjomba wako kwamba mzigo unabebwa na springi. Shokapu haibebi mzigo."

Hapo ndipo ukungu uliponitoka machoni. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulikuwa tumeitwisha shokapu mzigo wa springi tukidhani ni mwepesi.

Kazi ya shokapu ni nini basi? Gurudumu likipanda jiwe, springi inajikunja na kuhifadhi nguvu. Ikitoka kwenye jiwe, inairudisha nguvu ile yote, na gari linarushwa juu. Kama hakuna wa kuizuia, springi itaendelea kupanda na kushuka kama mtoto kwenye bembea. Shokapu ndiyo inayoizuia. Ndani yake mna oili, na mna pistoni yenye matundu madogo. Pistoni inapopita, oili inalazimika kupenya kwenye matundu yale kwa shida, na nguvu ya kuruka inageuka kuwa joto. Joto hilo linatoka nje kupitia ukuta wa bomba. Hiyo ndiyo kazi yake yote: kuimeza midundo na kuitoa kama joto.

Sasa fikiria barabara yenye mawimbi. Tuseme wimbi moja liko robo tatu ya meta kutoka jingine, na gari linakwenda kilometa 60 kwa saa. Hapo gurudumu linapigwa zaidi ya mara 20 katika kila sekunde. Oili inachemka, inakuwa nyepesi, na ikichanganyika na hewa inafanya povu. Povu halizuii kitu. Ndiyo maana gari linaondoka mjini likiwa limetulia, na baada ya nusu saa ya vumbi linaanza kucheza.

Kwa nini pikapu inayovuta tela inaathirika zaidi? Kwa sababu ndoano ya tela iko nyuma ya magurudumu ya nyuma, nayo inafanya kazi kama wenzo. Chukua mfano huu. Gari lina meta 3 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ndoano iko meta 1 na sentimeta 20 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tela likikandamiza ndoano kwa kilo 100, springi za nyuma hazipati kilo 100, zinapata 140. Hizo 40 za ziada zimetolewa kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ndiyo maana mkia ukikandamizwa hivyo usukani unakuwa mwepesi. Na kila mdundo wa mkia kwenda chini unazidi kuyapunguzia uzito magurudumu ya mbele.

Mtu akisikia hivyo atasema, basi tupakie nyuma ya tela, ndoano isikandamizwe. Hilo ndilo lililokuwa kosa la pili. Tela lenye uzito nyuma ya ekseli yake halina adabu. Linaanza kuyumba, na likianza halinyamazi. Tela linataka uzito kidogo mbele. Kwa makadirio ya mafundi, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela iwe inakandamiza ndoano. Tela la kilo 1,000 likandamize kwa kilo 100 hivi, na uzito wote usizidi ule uliowekwa na mtengenezaji wa gari. Kosa la tatu ni lile la mtu kukaa juu ya tela. Hilo halihitaji fundi kulieleza.

Sasa tuingie dukani tena, safari hii tukiwa na macho.

Kwanza kabisa, kama mkia wa gari umeshuka, usianze na shokapu. Tazama springi. Hizo pleti za chuma zilizobebana huchoka na kunyooka, na nyingine hukatika bila mwenye gari kujua. Zikiwa zimechoka, tengeneza hizo kwanza. Ukiongeza pleti ili kubeba uzito wa tela, mwambie muuza shokapu. Springi ngumu inarudisha kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inataka shokapu yenye uwezo wa kuizuia wakati inarudi. Na kama gari limenyanyuliwa, shokapu ya urefu wa zamani itakuwa fupi, itavutwa mpaka mwisho na kung'oka.

Pili, nenda na kadi ya gari au namba ya chesisi. Usiende na jina la gari peke yake. Pikapu mbili zenye jina moja na sura moja, moja ya kuvuta magurudumu mawili na nyingine ya kuvuta manne, zinaweza kuwa na shokapu za urefu tofauti. Ya kwako iliyofunguliwa ichukue pia, ilinganishwe na mpya ikiwa imevutwa yote na ikiwa imekunjwa yote.

Tatu, jua aina. Zipo shokapu zenye mabomba mawili, moja ndani ya jingine. Hizo ni za bei ya chini, na bomba la nje likipigwa jiwe likabonyea kidogo, pistoni ya ndani inaendelea na kazi. Zipo zenye bomba moja nene, ambamo oili imetengwa na gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa. Hizo zinapoa upesi kwa sababu ukuta wenye oili unaguswa na upepo moja kwa moja, kwa hiyo zinastahimili safari ndefu za mawimbi. Lakini bomba lake likibonyea, pistoni inakwama. Kati ya hizo kuna za mabomba mawili zilizotiwa gesi kidogo ili oili isifanye povu.

Kwa mtu anayevuta tela kwenye lami ya Mtwara na Lindi, au kwenye njia ndefu za vumbi zisizo na mawe, ile ya bomba moja inarudisha pesa yake. Kwa mtu wa njia za mawe na visiki, namshauri achukue ya mabomba mawili yenye gesi, nene kidogo kuliko iliyokuja na gari, na aifungie kinga ya mawe. Na neno "hevi duti" lisikutishe wala lisikupumbaze. Ngumu kupita kiasi nayo ni ubaya: gari likiwa tupu litadunda, magurudumu yataruka, na vishikio vya shokapu kwenye chesisi vitapasuka.

Nne, chunguza kama ni halali. Zile nyekundu za mjomba tulikuja kuzipasua. Chini ya rangi mpya kulikuwa na kutu ya zamani, na pembeni tundu lililochomelewa. Ndani oili haikufika nusu, nayo ilikuwa nyeusi kama ya injini. Zilikuwa mitumba iliyofufuliwa. Naomba hapo nitoe onyo: usiipasue wala kuitupa motoni shokapu yenye gesi, italipuka.

Dukani iombe uishike. Isimamishe wima, fimbo juu, uikandamize na kuivuta mara kadhaa. Mwanzoni yenye mabomba mawili inaweza kuwa na hewa. Baada ya kuipampu mara chache iwe na uzito ule ule mwanzo hadi mwisho, bila mahali pa kupwaya. Fimbo iwe laini inayong'aa, isiwe na mkwaruzo. Namba iwe imegongwa au imechapwa vizuri na ifanane na ya kwenye boksi. Kisha dai risiti yenye jina la bidhaa. Muuzaji akigoma kuandika risiti, ameshakujibu.

Tunavyo vyombo vya kututetea. Shirika la Viwango Tanzania lilianzishwa mwaka 1975. Ipo Tume ya Ushindani chini ya sheria ya mwaka 2003, ambayo kazi yake mojawapo ni kupambana na bidhaa bandia. Lakini vyombo hivyo haviwezi kusimama mlangoni mwa kila duka. Bila risiti mkononi na bila sisi kusema, mwenye kuuza mauti iliyopakwa rangi ataendelea kufungua duka asubuhi. Mimi mwenyewe sikuwa na risiti. Niliporudi pale dukani sikuwa na kitu cha kuonyesha.

Tano, zibadilishe mbili mbili, za ekseli moja kwa pamoja. Moja mpya na moja kuukuu ni kama kufunga jembe la ng'ombe kwa maksai na ndama. Na fundi asikaze boltu za bushi gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Azikaze magurudumu yakiwa chini na gari limekaa kwa uzito wake, vinginevyo bushi za mpira zitajisokota na kukatika mapema.

Na sisi wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi. Ukitoka Msimbati, au ukishusha boti majini, fimbo ya shokapu inapata chumvi na mchanga. Chumvi inaitoboa fimbo vijidudu vidogo vya kutu, na kila inapopanda na kushuka inachana mpira unaozuia oili. Ndoo mbili za maji baridi chini ya gari jioni zinaweza kukuongezea miezi ya matumizi. Hayo ni maji unayoweza kuoshea gari lote.

Utajuaje kama zako zimekwisha? Tazama bomba: likiwa limelowa oili inayotiririka, imekwisha. Pitisha kiganja juu ya tairi: likiwa limelika madoa madoa, hapa bonde hapa mlima, imekwisha. Pita kwenye tuta taratibu: mkia ukinesa mara moja ukatulia, salama. Ukinesa mara mbili, mara tatu, usifunge tela siku hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wetu sisi ulikuwa paja la mtoto wa mtu.

Mjomba bado yupo na bado anafanya kazi ya samaki. Alikaa mwaka mzima bila tela, akakusanya, akanunua jingine. Springi za nyuma aliziongezea pleti moja kila upande, shokapu akanunua zile za ndani ya boksi, na risiti ameibandika ukutani karibu na kalenda. Hakuna mtu anayepanda kwenye tela lake, hata kama ni mtoto wake na hata kama mvua inanyesha.

Mwezi uliopita alinipitia tena. "Mpwa," akasema, "twende dukani. Za mbele nazo zimeanza kulia."

Nikamuuliza, "Mjomba, bado unaniamini?"

Akacheka, akanipa namba ya chesisi iliyoandikwa kwenye karatasi ya sigara. "Safari hii," akasema, "wewe ushike tu karatasi. Kusema nitasema mimi."

Nami nikaona ni haki. Ndugu msikilizaji, kesho kabla hujafunga tela, inama. Tazama chini ya gari. Ni dakika mbili tu. Tuonane wiki ijayo, na safari njema.